Fungu la Shukrani Lilipogeuka Urithi: Somo kutoka Bangladesh

Tuanze kwa hesabu nyepesi. Nafasi za kazi serikalini ni 100. Wapigania uhuru pamoja na watoto na wajukuu wao wametengewa 30, wanawake 10, wilaya 10, makabila madogo 5, walemavu 1. Jumlisheni: ni 56. Wengine wote hugombea 44 zilizosalia kwa mtihani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bangladesh hadi mwaka 2018.

Asili yake ilikuwa njema. Nchi ile ilijitenga na Pakistan kwa vita vya mwaka 1971, na mwaka uliofuata serikali ikawatengea nafasi waliopigana. Nani angewanyima? Lakini fungu lile halikukoma kwao. Likapelekwa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, ambao vita walivisikia kwa masimulizi tu. Shukrani ikawa urithi, kama shamba la minazi.

Mwaka 2018 wanafunzi waliandamana, na serikali ikayafuta mafungu hayo katika kazi za madaraja ya juu. Juni 2024 Mahakama Kuu ikairudisha ile 30. Wanafunzi wakatoka tena. Waziri Mkuu, Sheikh Hasina, akauliza: wajukuu wa wapigania uhuru wasipopewa, je, wapewe wajukuu wa Razakar? Ndilo jina la wale waliolisaidia jeshi la Pakistan. (Mwalimu yeyote ajua jinsi neno moja la dharau linavyoweza kulipoteza darasa zima.) Usiku ule ule wasichana walitoka mabwenini Dhaka kujiunga na wenzao. Tarehe 16 Julai, mjini Rangpur, polisi walimpiga risasi mwanafunzi Abu Sayed akiwa amesimama mikono ameinyoosha.

Tarehe 21 mahakama ya juu kabisa iliamua nafasi 93 ziende kwa mtihani. Uamuzi ulichelewa, sasa vijana walidai haki ya waliouawa. Tarehe 5 Agosti Hasina alijiuzulu akakimbilia India. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba huenda watu 1,400 waliuawa.

Liko jambo linalonisumbua katika hesabu ile mpya. Jamaa za wapigania uhuru walibakiziwa 5. Makabila madogo, pamoja na wale wa milima ya Chittagong, walishushwa kutoka 5 hadi 1. Na fungu la wanawake, ambao binti zao walikuwa mstari wa mbele, liliondolewa lote.