MGODI UNAUZA DHAHABU, HESABU INASEMA HASARA: Somo la kodi ya mapato kwa muuzaji wa mtandaoni

Somo la leo ni refu kidogo, chukua daftari kabisa.

Mimi nauza mabuti, ovaroli na vitenge kwa simu nikiwa hapa Segese, Halmashauri ya Msalala. Mzigo nauchukua Kahama na Kariakoo, wateja wangu wengi ni watu wa machimbo. Mgodi wa Bulyanhulu uko kwenye halmashauri yetu hiihii, kwa hiyo swali hili nalisikia kila mara: "Hivi kweli mgodi wote ule, dhahabu inatoka kila siku, unawezaje kusema umepata hasara na usilipe kodi ya mapato?"

Ukilielewa jibu lake, utaielewa na kodi yako wewe mwenye duka la WhatsApp. Twende taratibu.

1. KODI YA MAPATO YA KAMPUNI INAANGALIA FAIDA

Kwa Tanzania, kampuni inalipa kodi ya mapato asilimia 30 ya faida. Mauzo ni mwanzo tu wa hesabu.

Chukua mgodi wa mfano. Mwaka huu umeuza dhahabu ya bilioni 100. Unaanza kukata:

- Mishahara, dizeli, umeme, baruti, mrabaha wa serikali: bilioni 60
- Riba ya mikopo: bilioni 15
- Uchakavu wa mitambo: bilioni 20

Imebaki faida ya bilioni 5. Lakini miaka ya nyuma, wakati wa kuchimba mashimo na kujenga mtambo, mgodi ulipata hasara ya bilioni 30. Sheria inaruhusu hasara ya nyuma kubebwa mbele. Kwa sheria ya zamani, ile bilioni 5 yote ingemezwa na hasara ya nyuma, na bilioni 25 zingebaki za kumeza faida ya miaka ijayo. Kodi ya mapato mwaka huo: sifuri.

Hapo hakuna aliyeiba. Ni hesabu ya sheria. Baadaye sheria iliongeza masharti: kampuni inayotangaza hasara miaka mingi mfululizo hutozwa kodi kidogo kwenye mauzo yake, hata kama faida haionekani.

Kuna malipo mengine ambayo hayasubiri faida. Mrabaha wa dhahabu unakatwa kwenye thamani ya mzigo wenyewe, asilimia 6 tangu mabadiliko ya sheria ya 2017, na juu yake asilimia 1 ya ukaguzi. Ushuru wa huduma wa halmashauri nao unahesabiwa kwa mauzo. Ndiyo maana mgodi unaweza kusema "tumelipa mabilioni serikalini" na mwananchi akasema "hamjalipa kodi ya mapato", na wote wawili wakawa wamesema kweli.

2. KODI ILIYOAHIRISHWA NI NINI?

Ukisoma taarifa za fedha za kampuni kubwa utakuta maneno haya, na wengi yanawachanganya.

Tuseme mgodi umenunua mtambo wa bilioni 10. Mhasibu anaona utafanya kazi miaka 10, kwa hiyo kwenye vitabu anakata bilioni 1 kila mwaka. Sheria ya kodi inasema mtambo huo ukatwe kwa miaka 5, yaani bilioni 2 kila mwaka. Huko nyuma, wakati migodi yetu mikubwa inaanza, sheria iliruhusu hata kukata gharama yote kwa mkupuo.

Matokeo yake, mwaka wa kwanza faida anayoonyeshwa mwenye hisa ni kubwa kuliko faida anayoonyeshwa TRA kwa bilioni 1. Asilimia 30 ya tofauti hiyo ni milioni 300. Kampuni inaiandika kama deni: kodi ambayo haijalipwa leo ila itafika zamu yake mtambo ukishamaliza makato. Ndiyo kodi iliyoahirishwa.

Ukiona kampuni imeandika "gharama ya kodi" ya kiasi fulani, usidhani hela yote imetoka mfukoni mwaka huo. Sehemu imelipwa, sehemu iko kwenye karatasi.

3. HAPA NDIPO UGOMVI UNAPOANZIA: KUUZIANA NDUGU KWA NDUGU

Kampuni ya kimataifa haiko moja. Kuna mama nje ya nchi, kuna watoto hapa na kule. Mama anamkopesha mtoto, mtoto analipa riba. Mama anampa mtoto wataalamu, mtoto analipa ada. Mtoto mwingine anauza vipuri.

Riba ikiwa kubwa mno au ada ikiwa ya juu, faida inahama Tanzania na kutokea nchi nyingine yenye kodi ndogo. Ni kama wewe una maduka mawili, moja linalipa kodi na lingine halilipi. Ukilifanya lile la kwanza linunue mzigo kwa bei ya juu kutoka lile la pili, faida yote itakaa kwenye lile lisilolipa.

Sheria yetu inataka ndugu wauziane kwa bei ambayo watu wasiojuana wangeuziana. Kwenye mikopo ya makampuni ya nje kuna kikomo pia: deni likizidi 7 kwa mtaji 3, riba ya ziada haikatwi kwenye kodi.

4. KESI YETU WENYEWE

Bulyanhulu ilianza kuzalisha 2001 chini ya Barrick ya Canada. Mwaka 2010 migodi ya Tanzania iliwekwa chini ya African Barrick Gold, kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kuuza hisa London. Baadaye ikabadili jina kuwa Acacia.

TRA ikaona jambo. Migodi inaonyesha haina faida ya kutozwa kodi, lakini kampuni ya juu imewalipa wenye hisa gawio kati ya 2010 na 2013. Gawio linatoka wapi kama hakuna faida? TRA ikadai kodi ya zuio ya zaidi ya dola milioni 41. Kampuni ikajitetea kwamba yenyewe ni ya Uingereza na haihesabiwi kuwa mkazi wa kodi wa Tanzania. Baraza la Rufani za Kodi liliikatalia mwaka 2016, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana na TRA.

Katikati hapo likaja sakata la makinikia. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi. Rais Magufuli akaunda kamati mbili, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro. Julai 2017 TRA ikaipelekea Acacia madai ya dola bilioni 190 kwa Bulyanhulu na Buzwagi. Kwenye hizo, kodi yenyewe ilikuwa kama bilioni 40. Zile 150 zilikuwa riba na faini. Acacia ilikana madai hayo.

Mwisho walikaa mezani. Barrick iliwanunua wenye hisa wengine wa Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 makubaliano yakasainiwa: dola milioni 300 kumaliza madai, serikali kupata hisa asilimia 16 bila kulipia, na faida za kiuchumi za migodi kugawanywa nusu kwa nusu. Ikaanzishwa Twiga Minerals kusimamia migodi hiyo. Oktoba 2020 Twiga ilitangaza gawio la kwanza la dola milioni 250, na asilimia 16 ya hapo ni dola milioni 40.

Ona safari ya namba: madai ya bilioni 190, malipo ya milioni 300. Ugomvi ulikuwa juu ya kilichotoka, bei yake, gharama zipi zikubaliwe, na faida ionekane wapi. Haya yote ni mambo ya kumbukumbu.

5. SASA WEWE UNAHUSIKAJE?

*Moja, jua uko kundi gani.* Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida anakadiriwa kwa mauzo. Ukisajili kampuni umetoka hapo: ni asilimia 30 ya faida, na hesabu zilizotengenezwa na mhasibu. Usikimbilie kuandika "Limited" kwenye ukurasa wako kwa sababu inapendeza.

*Mbili, kumbukumbu zinapunguza kodi.* Angalia viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019. Umeuza milioni 6 kwa mwaka na huna kumbukumbu: unalipa 100,000. Unazo: asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Umeuza milioni 9 bila kumbukumbu: 250,000. Ukiwa nazo: 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 150,000. Daftari la buku mbili limekuokolea laki moja. Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai, kwa hiyo pita TRA uulize viwango vya mwaka huu.

*Tatu, tenga hela.* Lipa namba ya biashara iwe yake, hela ya ada ya mtoto na michango ya harusi ipite kwingine. Laini moja ikibeba vyote, atakayeiangalia ataona mauzo tu.

*Nne, maisha yako yafanane na daftari lako.* Kilichoiponza African Barrick ni gawio. Ukisema duka halina kitu huku unapandisha nyumba Kahama, swali litakuwa lilelile: hela imetoka wapi? Kama ni mkopo au mashamba ya mpunga, weka karatasi yake.

*Tano, ukionewa usinyamaze.* Una siku 30 za kupinga makadirio tangu uyapokee, na kwa kawaida utatakiwa ulipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kile usichobishania kama ni kikubwa zaidi, wakati pingamizi linasikilizwa. Ukiacha deni likae, riba na faini zinaota juu yake. Umeona kwa Acacia: 40 ya kodi, 150 ya nyongeza.

KAZI YA LEO

Fungua daftari, chora safu tano: tarehe, nilichouza, bei niliyonunulia, gharama (bando, nauli ya basi, bodaboda, vifungashio, makato ya kutoa), kilichobaki. Andika wiki moja tu bila kuruka hata oda moja ya elfu tano, na picha za risiti ziweke kwenye folda moja ya simu.

Wakubwa wana wahasibu na mawakili wa kubishania kila shilingi. Mimi na wewe tunaanzia na daftari. Mtumie somo hili mwenzako anayeuza mtandaoni.