Baba Asiwe Mgeni Nyumbani Mwake



Mgodi wa Geita wachimba dhahabu tangu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, tangu mwaka 2001. Wengi wanaofanya kazi huko wameacha wake na watoto mbali: Mwanza, Tabora, hata Moshi na Dar es Salaam. Hukaa kambini mpaka zamu yao iishe, kisha hupanda basi kwenda kwao kwa siku chache za mapumziko. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu hana hata ratiba hiyo. Aweza kukaa miezi mingi penye duara, akingoja bahati, naye huona haya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu. Atafutaye riziki ya watoto wake kwa jasho atimiza wajibu mtakatifu. Lakini iko hatari moja ambayo yatupasa kuitazama wazi: baba aweza kuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hatari hiyo haiji kwa siku moja. Baba afika amechoka; mama amwandalia chakula kizuri; watoto waambiwa wanyamaze, baba amelala. Habari mbaya zafichwa ili asiudhike. Ada ya shule, ugonjwa wa mtoto, ugomvi wa mpaka wa shamba, yote mama ameyaamua peke yake. Siku ya kuondoka yafika, naye hajui binti yake yuko darasa la ngapi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi baba huyu hakupewa jembe kamwe.

Zamani, Dakta John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, palijengwa mji penye mgodi, wenye nyumba, shule na hospitali. Leo wengi huishi mbali na mgodi, na safari imekuwa sehemu ya kazi. Tunashukuru kwamba tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limewaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita taabu ya kungoja pantoni. Lakini daraja humfikisha mtu mlangoni tu. Kuingia ndani ni kazi yake mwenyewe.

Aingieje? Kwanza, mume na mke wapatane mapema. Mtakatifu Paulo, katika sura ya saba ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, awafundisha wenye ndoa wasitengane ila kwa kupatana, na kwa muda. Basi waulizane: kazi hii ya mbali ni ya miaka mingapi, na kwa shabaha gani? Utengano usio na mwisho uliokubaliwa huzaa tamaa na mashaka kwa wote wawili.

Pili, baba asidhani kwamba kutuma fedha kwa simu kumemaliza wajibu wake. Simu iyo hiyo na itumike jioni kumwuliza mtoto habari za shule, na familia isali pamoja, ijapokuwa kwa dakika tano.

Tatu, mama asimfiche baba matatizo ya nyumba. Amkabidhi jembe: aende shuleni kumwona mwalimu, akae na kijana wake, aende Misa pamoja na jamaa yake yote.

Nne, mfanyakazi aijue haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yampa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na baba aliyepata mtoto siku zisizopungua 3. Asiziuze siku hizo kwa tamaa ya fedha. Nao waajiri wakumbuke fundisho la Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, kwamba ujira wa haki ni ule unaotosha kuitunza familia. Ratiba inayoivunja familia haiwezi kuponywa na mshahara mnono.

Tusisahau jambo moja la mwisho. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji wake ukakoma. Kila mgodi una siku yake ya kufungwa. Siku hiyo baba atarudi nyumbani na mizigo yake yote. Je, atawakuta watu wanaomjua?

Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Naye Yosefu alijua safari ndefu. Ila alipokimbilia Misri alimchukua Mtoto na Mama yake. Asiyeweza kuwachukua wake kambini, na awachukue moyoni, naye arudi kwao kama baba, si kama mgeni.