Hesabu ya Vitabu na Hesabu ya Nafsi

 

Kila uingiapo Mfunguo Nne, yaani Muharram, nina ada ya kufungua daftari langu na kuhesabu vitabu nilivyovisoma mwaka uliokwisha. Ada hii ninayo tangu uanafunzi wangu, wala si mbaya kwa asili yake, kwani mwenye duka asiyefanya hesabu hajui kama amepata faida au anakula mtaji. Muharram ya mwaka 1447 nilihesabu vitabu 21, na miongoni mwavyo Tafsiri ya Jalalayn, niliyoikhitimu kwa mara ya tatu. Nafsi yangu ikafurahi. Sikujua kuwa hesabu ile ina deni ndani yake.

Katika Rajabu iliyotangulia alinijia mtu mmoja wa hapa Likoni, aliyefiwa na ndugu yake akaachiwa watoto watatu wadogo, pamoja na fedha chache za marehemu. Ilikuwa baada ya Alasiri, nami nina haraka ya kuwahi feri kwenda mjini. Akaniuliza: "Sheikh, katika fedha za mayatima hawa nanunua chakula, nasi twapika chungu kimoja na wanangu. Je, huku si kula mali yao?" Nikaikumbuka ile aya ya Suratun-Nisaa yenye kuwatisha wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, nikamjibu papo hapo: "Jitenge nayo, bwana. Usichanganye." Nikashika njia yangu.

Mtu yule ni mcha Mungu, akafanya kama nilivyomwambia.

Ulipoingia Mfunguo Tano tulikuwa katika darsa yetu ya Suratul-Baqara, na kijana mmoja akitusomea tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Qurani Takatifu, iliyopigwa chapa mwaka 1969. Akafika aya ya 220. Humo Mwenyezi Mungu aeleza juu ya mayatima kwamba kuwatengenezea mambo yao ndiyo kheri, na kwamba mkichanganyika nao, basi hao ni ndugu zenu. Naye amjua mwenye kuharibu na mwenye kutengeneza. Ibn Abbas, katika Sunan ya Abu Daud, ameeleza sababu yake: watu walipoogopa makamio ya aya zilizotangulia, walitenga chakula cha yatima na chao, kikawa chakula chake kikibaki chawekwa mpaka akile au kiharibike. Jambo hilo likawalemea, wakamwendea Mtume, ndipo ikateremka ruhusa hii.

Ulimi wangu ulikauka. Nilipofika nyumbani nikafungua Jalalayn yangu, na mbele ya aya hiyo, pambizoni, nikakuta mstari nilioupiga kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiku ule ule nikaenda kwa yule bwana. Nikawakuta watu wa nyumbani wamezunguka sinia, na wale watoto watatu kando, kila mmoja na sahani yake. Nikasema niliyokwenda kuyasema: kwamba nilimjibu kwa haraka, na kwamba yajuzu kuchanganya maadamu hisa yao yakadiriwa kwa insafu wala hapatafutwi faida kwao. Hakunilaumu. Mkewe akainuka, akaitwaa sahani ya yule mdogo, akaumimina wali wake katika sinia.

Miezi saba hivi, ndugu msomaji, watoto wale wamekula mbali kwa sababu ya mtu aliyesoma vitabu 21.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alikaa miaka minane akijifunza Suratul-Baqara. Nilipokuwa kijana habari hii ilinistaajabisha, nikidhani ni uzito wa hifdhi. Sisi katika khitma zetu twagawa juzuu 30 kwa watu 30, na kahawa haijapoa msahafu umekwisha. Nami ni mmoja wa hao wasomaji, sijitoi. Siku hizi mtu ana vitabu 300 ndani ya simu yake, na avihesabu kuwa ni elimu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, hakukosa vitabu vikubwa vya Kiarabu. Lakini alipotaka kuwazindua watu wa Mombasa alianza na gazeti dogo, Sahifa, mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kwa lugha wanayoifahamu watu. Na islah ni neno lilo hilo lililomo katika aya ya mayatima: kutengeneza. Mimi nimelisema neno hili mimbarini miaka mingi, na nadhani sikulifahamu mpaka nilipoiona ile sahani.

Basi mwaka huu nimelibadili daftari. Sikuandika majina ya vitabu. Nimepiga safu mbili: katika ya kwanza naandika suala nililoulizwa na jawabu nililolitoa; ya pili huiacha wazi mpaka nitakapolirejea kitabuni kwa utulivu. Safu ya pili ingali na nafasi nyingi, na mara tatu tayari imenilazimu kuvaa kanzu na kwenda kubisha mlango wa mtu.

Darsa yaendelea kila Jumatano baada ya Isha. Tumefika aya ya 233, nayo ni katika hukumu za kunyonyesha. Wanawake pia wana mahali pao, na mwenye suala asichelee kuliuliza. Nikisema "ngoja mpaka Jumatano ijayo," aningojee.