Jino Likinyamaza, Usidhani Limepona

Wengi wetu huumwa na jino usiku kucha, tukanunua vidonge asubuhi, na baada ya siku chache maumivu yakatoweka. Mgonjwa hufurahi na kusahau. Lakini je, msomaji, jino limepona? Mara nyingi limekufa.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Bakteria wa kinywani, hasa aitwaye Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha gamba la jino hadi likatoboka. Shimo likifikia nyama hiyo, bakteria huingia. Nyama huvimba pasipo nafasi ya kutanuka, na hiyo ndiyo sababu ya maumivu makali. Ikifa, neva nazo hufa na maumivu hukoma. Bakteria hubaki, wakapitia mzizi hadi kwenye mfupa na kufanya jipu.

Jambo hili lilidhihirika Marekani mwaka wa 1965. Watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye nyama ya ndani. Kwa panya wa kawaida, nyama ilioza na majipu yakatokea. Kwa panya waliolelewa mahali pasipo bakteria wowote, nyama ilibaki hai na tundu likaanza kujiziba, ingawa chakula kilijaa humo.

Mbona vidonge havitoshi?

Dawa husafirishwa na damu, na jino lililokufa halina damu. Antibiotiki zaweza kupunguza uvimbe, lakini chimbuko husalia. Karafuu hutuliza tu. Asprini iliyowekwa juu ya ufizi huuunguza.

Tiba ni ipi?

Shimo dogo husafishwa na kuzibwa. Nyama ikishakufa, daktari wa meno husafisha mizizi, akaijaza gutapecha, yaani utomvu wa mti unaofanana na mpira, kisha akaziba juu kwa uthabiti ili bakteria wasirudi. Ikishindikana, jino hung'olewa.

Dalili za hatari

Mwaka wa 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe unaoenea haraka chini ya taya na shingoni. Mara nyingi chanzo chake ni jino bovu. Uvimbe huo huinua ulimi na waweza kuziba njia ya hewa. Ukiona uvimbe chini ya taya pamoja na homa, au ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vyema, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo.

Je, unalo jino lililokuuma sana kisha likanyamaza? Litazame kwenye kioo. Limebadilika rangi? Ufizi wake una kipele kinachotoa usaha? Hata usipoona lolote, mwone daktari wa meno wiki hii, kabla halijaanza kusema tena.