Kompyuta nyembamba imeleta maneno nyumbani

"Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nachingwea. Mume wangu ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) huko Ruangwa, huja nyumbani mwisho wa wiki. Baada ya mauzo ya ufuta tulikubaliana kutenga shilingi 700,000 ninunue kompyuta mpakato. Kishikwambi nilichopewa na serikali kinanifaa kwa kusoma, lakini kutunga mtihani wenye majedwali kwa kidole ni mateso, na mwisho wa yote naishia steshenari kulipia kuchapiwa. Masasi nimeona moja mpya, nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, 680,000. Mume wangu anasema hiyo ni ya kuuzia sura, ninunue iliyotumika kutoka Kariakoo. Sitaki kubeba tofali. Kwenye mafunzo ya mwaka jana niliazima mashine nzito ya mwenzangu, betri imekufa, nikakaa kutwa ukutani karibu na soketi huku wenzangu wakifungua zao nyembamba mezani. Iliniuma. Wiki iliyopita nimetanguliza 150,000 dukani, na mume wangu hajui. Nifanyeje?" — Mwalimu, Nachingwea.

Mwalimu huyu hana kosa kutaka kitu chembamba. Mtu anayepanda bodaboda asubuhi akiwa na madaftari ya darasa zima mgongoni anajua nusu kilo ina uzito gani. Na lile la kukaa ukutani kutwa nzima si majivuno. Ni aibu ya mtu anayeijua kazi yake huku chombo alichonacho kikimwangusha mbele ya wenzake. Mumewe angelisikia hilo kama lilivyo, pengine asingesema "kuuzia sura".

Tatizo liko kwenye ile karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, ambayo mwalimu aliipiga picha na kuituma pamoja na barua. Imeandikwa: Celeron N4020, RAM 4GB, eMMC 64GB, Windows 11. Maneno hayo manne ndiyo bei yenyewe.

Celeron N4020 ni prosesa yenye viini viwili tu (core). RAM ya 4GB na hifadhi (hapa ni eMMC) ya 64GB ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft imekiweka ili Windows 11 ikubali kuingia kwenye mashine. Yaani kompyuta hiyo inaanza maisha ikiwa imegusa sakafu. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya hizo 64GB, kila sasisho linadai nafasi zaidi, na picha chache za simu zinamaliza kilichobaki. Mwalimu akifungua PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwenye kivinjari, pembeni ameweka mtihani kwenye Word, atakaa akiangalia kiduara kinazunguka.

Lingekuwa jambo dogo kama angeweza kuongeza baadaye, akipata fedha za msimu ujao. Kwenye mashine nyingi za aina hii RAM na eMMC vimechomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Wembamba wa bei nafuu hupatikana hivyo: panaondolewa matundu ya kuchomekea vipuri, na kilichomo siku ya kununua ndicho kitakachokuwemo hadi mwisho. Kikifa, fundi wa Nachingwea hana pa kushika.

Nachingwea ina historia yake na mashine zilizochaguliwa vibaya. Uingereza ilipoanza mradi wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa miongoni mwa maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi ya mradi yalikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakitolewa Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vipuri vilikuwa haba, mafundi wachache, ardhi ngumu, na mashine zikaharibika kwa kasi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mume na mke wote wana la kuchukua hapo. Mume ajue kwamba kilichotumika kikinunuliwa bila kukaguliwa huleta hasara ileile ya vifaru. Mke ajue kwamba mashine isiyo na kipuri wala fundi pale inapofanyia kazi haifai, hata iwe mpya kiasi gani. Kipuri cha Kariakoo husafirishwa kwa basi, na njia yenyewe si ya kuaminika kila siku: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari na mizigo vikakwama kwa siku kadhaa.

Sasa habari njema: ugomvi wao umesimama juu ya kitu ambacho hakipo. Mwalimu anaamini iliyotumika ni tofali. Mwaka 2008 Steve Jobs alipoitoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya karatasi, dunia ikashangilia, sehemu yake nene kabisa ilikuwa sentimita 1.94. HP EliteBook 840 G5, kompyuta ya maofisini iliyotoka mwaka 2018 na ambayo leo inauzwa kama mtumba, ina unene wa sentimita 1.79 na uzito wa takribani kilo moja na nusu. Mpakato wa mtumba ni mwembamba kuliko ule uliowaduwaza watu miaka kumi kabla yake.

Mashine za aina hiyo, pamoja na Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480, zilitengenezwa kwa kampuni na ofisi, zikatumika miaka michache, kisha zikauzwa kwa jumla. Zote tatu zina matundu mawili ya RAM, hivyo mwenye 8GB leo anaweza kuwa na 16GB kesho. Diski zake za SSD hubadilishwa kwa kufungua skrubu. Zote huchajiwa kwa Type-C. T480 ni nene kidogo kuliko wenzake, lakini ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma huchomolewa kwa mkono. Tahadhari moja: zile nyembamba kupita zote, kama ThinkPad X1 Carbon, nazo RAM yake imechomelewa. Anayetaka hizo ahakikishe anapata 16GB tangu mwanzo.

Jambo la pili ni kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida wa usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Namba ndiyo inayosema. Core i5-8250U inaanza na 8, inafaa. Core i5-7200U inaanza na 7, iachwe, hata muuzaji akiapa kwamba "inapiga Windows 11 vizuri tu". Kuna njia za kuilazimisha, ila mwalimu anayetunza alama za watoto wa watu hapaswi kutegemea njia za uchochoroni.

Nani akague? Mume ndiye aliyetoa wazo la Kariakoo, na kama ana jamaa Dar es Salaam, amtume. Basi jamaa huyo asitumiwe fedha na kuachiwa ajichagulie. Apewe orodha, na akiwa dukani apige simu ya video ili mwalimu aone kwa macho yake.

Kwanza aiwashe akiingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: kwa HP ni kubonyeza F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, waondoke. Kompyuta nyingi za kampuni zilifungwa na wenye nazo wa awali, na kulifungua kufuli hilo si kazi ya fundi wa kawaida.

Pili, betri. Kwenye dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport kisha afungue ripoti itakayotengenezwa. Ina mistari miwili ya kutazama: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa ikijaa. Kama wa kiwandani ni 50,000 na wa sasa ni 30,000, betri imebakiwa na asilimia 60. Inavumilika, ila bei ishuke. Ikiwa chini ya nusu, bei ya betri nyingine ihesabiwe papo hapo. Na kama kile kibao cha kupapasia kimeinuka au kifuniko cha chini kimevimba, betri imefura. Hiyo isichajiwe wala isinunuliwe.

Tatu, mikono na macho: bawaba zisiwe zinalegea, kila kitufe cha kibodi kiandike, kioo kiwekewe rangi nyeupe tupu kuona madoa, kamera na sauti vijaribiwe, chaja iwe ya wati 45 au 65. Plagi ya mashine zilizotoka Uingereza huingia moja kwa moja kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Za Marekani hudai adapta au waya mwingine, ingawa chaja yenyewe hukubali volti 100 hadi 240. Mwisho, idaiwe risiti ya EFD yenye jina la mashine, na muda wa dhamana uandikwe.

Mashine ikifika Nachingwea, adui wake wa kwanza ni vumbi jekundu. Kiangazi kizima linaingia kwenye feni, feni inaziba, joto linapanda, kompyuta inakuwa nzito na watu wanasema imezeeka. Mara moja kwa mwaka fundi afungue kifuniko cha chini apige brashi. Isitumiwe juu ya kitanda wala mto, maana matundu ya hewa huzibwa. Kwenye bodaboda izimwe kabisa, isiachwe imelala tu ndani ya begi, kwa sababu huweza kuamka ikapikika humo humo. Umeme ukikatika ichomolewe, na ukirudi isubiri kidogo kabla ya kuchomekwa tena. Wenye sola wanaweza kupata chaja ya gari ya Type-C yenye nguvu ya kutosha kompyuta, ikala kutoka betri ya volti 12 bila kupitia inveta.

Mitihani isikae mtandaoni peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Faili liwe kwenye diski, nakala kwenye flashi, na flashi isiwe begi moja na kompyuta. Kama hela ya Office haipo, LibreOffice ni bure, na inatokana na OpenOffice, ile ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliifanyia toleo la Kiswahili mwaka 2004, likaitwa Jambo OpenOffice.

Kimebaki kile kilichomfanya mwalimu aandike: 150,000 ambazo mume hajui.

Amwambie, na asingoje muujiza. Fedha ya ufuta ni jasho la wawili, na mume anayeshinda na hesabu za wakulima mchana kutwa atagundua pengo hilo mapema kuliko mwalimu anavyodhani. Aanze na ile siku ya mafunzo, asianze na kompyuta. Aeleze alivyokaa ukutani, alivyojisikia, na kwa nini aliharakisha kulipa. Kisha akiri kwamba alificha, bila kuongeza "lakini na wewe". Mume naye, akiisoma safu hii Ruangwa, ajue kwamba alichokuwa anaambiwa wakati ule si rangi ya fedha, na kwamba kumcheka mtu kunamfundisha kuficha.

Baada ya hapo waende Masasi wote wawili. Waulize kama duka linarudisha fedha. Kama halirudishi, waulize lina nini kingine chenye RAM ya 8GB, SSD ya 256GB na matundu ya kuongezea, hata kama kimetumika, wakikague palepale kwa orodha ileile na 150,000 zihamishiwe huko. Ikishindikana kabisa, bado watabakiwa na 550,000. Kwa hizo waulizie bei Kariakoo kwa simu kabla ya kukata tamaa, na kama hazitoshi, wasubiri malipo ya korosho kuanzia Oktoba. Hadi hapo mwalimu anaweza kutafuta kibodi ndogo ya Bluetooth kwa ajili ya kishikwambi chake, atungie mitihani ya muhula huu bila kutumia kidole.