Darsa la Ramadhani, siku ya 18: Nyama haimfikii Allah, sasa tunampelekea nani?



Wiki hii nimepata maswali mawili ambayo ukiyatazama vizuri ni swali moja. Kijana mmoja ameuliza: "Sheikh, Suratul Hajj aya ya 37 inasema nyama na damu hazimfikii Allah, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Mbona bado mnatuhimiza tutoe? Si moyo ndio unaotazamwa?" Na dada mmoja anayeuza vitumbua ameuliza kwa upande wa pili. Amesoma Aal Imran aya ya 92, kwamba hatuufikii wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Kipato chake ni cha siku kwa siku, anaona kama mlango umefungwa kwake.

Tuanze na kijana. Hebu rudi aya moja tu nyuma, aya ya 36. Pale Allah ameamrisha jina Lake litajwe juu ya ngamia wa kuchinjwa, kisha tule na tuwalishe wengine: yule aliyeridhika asiyeomba, na yule anayekuja kuomba. Wafasiri wametaja kwamba Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakiipaka Al-Kaaba damu ya wanyama wao, kana kwamba Mola anahitaji kitu humo. Aya ya 37 ikaivunja dhana hiyo, lakini haikuifuta amri iliyotangulia. Nyama ilikuwa na wa kumfikia tangu mwanzo, naye ni jirani. Sasa wewe ukisema "mimi natoa moyo", jirani yako hawezi kufuturu kwa moyo wako.

Kwa dada yetu ndiyo pana uzito zaidi, maana aya zenyewe zinaonekana kuvutana. Aal Imran inasema tunavyovipenda. Al-Baqara aya ya 219, watu walipouliza watoe nini, wakajibiwa kile kilichozidi. Al-Israa aya ya 29 inakataza kuufunga mkono shingoni, na inakataza pia kuukunjua wote mpaka ukabaki unalaumiwa na huna kitu. Tushike ipi?

Tazama Maswahaba walivyofanya. Abu Talha (r.a.) alikuwa na bustani aliyoipenda kuliko mali zake zote, Bayruhaa, iliyoelekeana na msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mtume alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Iliposhuka aya ya 92, Abu Talha akaitoa. Mtume akaifurahia sana, lakini akamwelekeza awape jamaa zake wa karibu, naye akaigawa kwa ndugu zake na binamu zake. Kwa hiyo kilichopendwa kilitoka, ila hakikwenda mbali! Kaab bin Malik (r.a.), toba yake ilipokubaliwa, alitaka kutoa mali yake yote, akaambiwa abakishe sehemu. Abu Bakr (r.a.) alileta yote, akapokelewa. Wanazuoni wanasema ni kwa sababu ya nguvu ya imani yake na subira yake. Mimi na wewe tusikimbilie kujifananisha na Abu Bakr, hasa kama nyumbani hakuna unga.

Ninavyoona mimi, aya ya 219 inazungumzia kiasi, na aya ya 92 inazungumzia kilicho bora. Inayotuonyesha hivyo ni Al-Baqara aya ya 267. Imepokewa kwamba Maanswari walikuwa wakitundika mashada ya tende msikitini ili mafakiri wale. Baadhi ya watu wakawa wanatundika tende mbovu. Wakakatazwa kukusudia kibaya wakitoe, kitu ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Tende zile zilikuwa za ziada, sawa, lakini hakuna aliyezipenda.

Hili linatugusa moja kwa moja, maana zaka ya fitri iko mlangoni. Pishi moja ya chakula kwa kila mtu, kwa makadirio ya wengi kama kilo 2 na nusu. Toa mchele ule ule unaoupika kwako, si ule wa wadudu uliobaki chini ya gunia.

Na ambaye ziada yenyewe hana? Hapo fungua Suratut Tawba. Aya ya 53 na 54 zinataja watu waliotoa mali na haikukubaliwa, kwa kufuru yao na kwa kuwa walitoa huku wanachukia. Aya ya 79 inawakemea waliowacheka wale wasio na kitu ila juhudi yao. Kisha aya ya 92, watu waliokuja kwa Mtume kuomba vipando vya kwendea Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, wakakosa, wakarudi macho yanabubujika machozi. Mtume aliwaambia aliokuwa nao safarini kwamba wako watu Madina, kila bonde mnalolipita wako pamoja nanyi, udhuru ndio uliowazuia. Hawakutoa hata kamba ya ngamia.

Dada yangu, katika madhehebu yetu ya Shafi, kama usiku na siku ya Idi hakitazidi kitu baada ya chakula chako, cha unaowalisha na mahitaji yenu ya lazima, zaka ya fitri haikuwajibikii. Na huenda wewe ndiye wa kupewa. Pokea bila haya.

Mwenye uhitaji anitumie ujumbe wa faragha kabla ya tarehe 27 Ramadhani. Majina hayatasomwa kwenye kipaza sauti, ya wanaopokea wala ya wanaotoa. Kesho inshaAllah tutaangalia nani hasa anastahiki kupewa.

Wallahu aalam.