Mashimo Kwanza, Miche Baadaye

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka, kaskazi inapokaribia kwisha na mawingu ya masika yakaanza kukusanyika, mlango wa ofisi yetu haufungiki. Huyu ataka miche mia, huyu mia mbili, na yule amekuja na gari ya ng'ombe kabisa, kamba mkononi, ataka apakie leo hii. Ni jambo la kufurahisha kuona watu wana hamu ya kupanda mikarafuu. Lakini masika yaliyopita yalipokwisha tulipita mashambani kutazama miche tuliyoitoa, na katika mashamba mengi tulichokiona ni vijiti vikavu. Ndipo kamati ikakata shauri kuwa kuanzia msimu huu hapana mwanachama atakayepewa mche ila baada ya mashimo yake kuonekana na kuhesabiwa.

Najua kuwa shauri hili limewaudhi baadhi yenu, kwani mimi ndiye nikaaye mlangoni na maneno yote nimeyapokea mimi. Kwa hivyo nimeona yanipasa nieleze sababu zake, na pamoja nazo nieleze kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa, ili atakayekuja ofisini aje akijua alitakalo.

Jambo la kwanza ni umri wa mche. Mbegu ya karafuu si kama mbegu ya mahindi, ambayo mtu huiweka darini akaipanda atakapo. Tunda la mkarafuu likishaiva na kuchumwa, mbegu yake hufa katika siku chache tu, na ikikauka haioti tena. Hulowekwa majini usiku mmoja, likamenywa ganda lake laini, kisha ikapandwa upesi katika udongo wenye unyevu, chini ya kivuli cha makuti. Huanza kuota baada ya siku kumi hivi, na nyengine hukawia mwezi na zaidi. Tangu hapo mche hulelewa kitaluni mwaka mmoja na nusu mpaka miaka miwili, ukimwagiliwa na kupunguziwa kivuli kidogo kidogo, ndipo ukaweza kuhimili jua la shambani.

Basi mwanachama akija mwezi wa Aprili akataka miche mia mbili ya ghafla, anachokitaka ni kitu kilichokuwa kipandwe mwaka wa juzi. Na akiichukua miche hiyo akaiacha ikafa uani kwake, aliyekula khasara si yeye peke yake, bali na mwenzake ambaye mashimo yake yalikuwa tayari akaambiwa miche imekwisha. Hilo limetokea, na huyo mwenzake bado hatusalimu vizuri.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa naomba tutulie kidogo, kwani wengi wetu huagiza kwa kukisia. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Mkarafuu ukubwa wake hutaka nafasi ya futi 21 kila upande, na kwenye udongo mzuri sana, ambako mti hunenepa, futi 24. Chukua 21 mara 21, utapata 441. Gawa 43,560 kwa 441, utapata miche 98 na kitu. Ukipanda kwa futi 24 utapata 75. Kwa hivyo mwenye eka moja tupu hahitaji zaidi ya miche mia, na mwenye mikarafuu mikongwe anayetaka kuziba mapengo tu pengine hahitaji hata thelathini. Yule bwana aliyechukua mia mbili kwa eka moja ama alipanda msitu, ama nusu aliitupa. Miti iliyosongamana hukimbilia juu kutafuta jua, matawi ya chini yakafa, na mchumaji akalazimika kupanda kileleni kwa tabu na khatari. Wote tunajua ni vijana wangapi wamevunjika kwa kuanguka mkarafuuni.

Hesabuni hivi: ingieni shambani na kamba yenye fundo kila futi 21, simikeni kijiti kwenye kila fundo, kisha hesabuni vijiti. Ondoeni vile vilivyoangukia kwenye mwamba, na vile vilivyo bondeni ambako maji husimama, kwa sababu mkarafuu haupatani na maji yaliyotuama mizizini. Vilivyobaki ndiyo agizo lenu.

Sasa shimo. Shimo hasa huchimbwa wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na watu wakitamani vivuli, na hiyo ndiyo sababu ya watu kuliahirisha. Liwe futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja, na ule mwekundu wa chini upande mwengine. Shimo likae wazi wiki kadhaa. Mvua za kwanza zikinyesha, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri urejeshwe ndani kwanza, na ule wa chini uje juu. Nasema iliyooza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi. Visiki na vipande vya miti ving'olewe karibu na shimo, kwani hivyo ndivyo vinavyoita mchwa, na mchwa ni adui mkubwa wa mkarafuu mchanga.

Siku ya kupanda, kiriba kichanwe kwa kisu kutoka juu hadi chini, mche utoke na udongo wake mzima. Usiushike shingo ukauvuta. Mkarafuu hauvumilii kusumbuliwa mizizi, na mzizi mkuu ukikatika mche utasimama kijani wiki mbili tatu ukikudanganya, kisha utanyauka. Upandwe usawa ule ule uliokuwa nao kiribani, udongo ushindiliwe kwa mguu polepole, na uchomekewe makuti upande wa jua la alasiri. Mwenye kuweza apande migomba katikati ya mistari mapema, impe kivuli kwa miaka ya mwanzo naye ale ndizi. Majani ya kufunikia udongo ni mema, lakini yasiguse shina. Na palizi ya karibu na shina ifanywe kwa mkono, si kwa jembe wala panga. Maradhi ya kukausha matawi ya mikarafuu huletwa na ukungu unaoingilia penye jeraha, na majeraha mengi ya miti yetu tumeyatia sisi wenyewe.

Kwa nini tuhimize mwanzo wa masika? Kwa sababu mche uliopandwa mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili hupata miezi miwili ya mvua ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi cha kusi. Uliopandwa mwisho wa Mei hupata siku chache tu. Hata ukisalimika na kusi, mtihani mkubwa wangojea Januari na Februari, kaskazi inapokausha kila kitu.

Nalijua hili kwa kuwa lilinifika mimi, na si vizuri katibu kuwafundisha watu huku akificha lake. Mwaka wa kwanza nilipopewa shamba na marehemu baba yangu nilichukua miche arubaini, mizuri, inang'ara. Sikuwa na shimo hata moja. Niliipanga chini ya mwembe nikisema kesho, na kesho ikawa mkutano, na keshokutwa ikawa harusi. Nilipokuja kuipanda, Mei ilikuwa inakatika, na mizizi ilikuwa imekwisha toboa viriba ikaingia ardhini; nilipoinua, ikakatika. Kaskazi iliyofuata nilihesabu tisa. Mti huanza kuzaa baada ya miaka sita mpaka minane, kwa hivyo thelathini na moja ile iliyokufa ilinirudisha nyuma kwa muda ambao mtoto hukua mpaka akaingia chuoni.

Tulipolitangaza shauri hili mkutanoni, mzee mmoja aliinuka akaniambia, “Mwanangu, mimi nimepanda mikarafuu wewe hujazaliwa. Leo unipimie mashimo?” Watu walicheka, nami nilinyamaza kwa heshima yake. Lakini alipoendelea alisema neno ambalo lilitunyamazisha sote. Alisema, “Nguvu za kuchimba ninazo za mashimo matano. Watoto wangu wako Dar es Salaam. Basi kwa sheria yenu mimi ni mtu wa miche mitano.” Na mama mmoja mjane akasema na yeye hali yake ni hiyo hiyo.

Neno hili ni la haki, na kamati ililikubali. Kijana mwenye mikono yake akikosa miche kwa uvivu, hilo ni lake. Mzee au mjane akiikosa kwa kukosa mtu wa kumchimbia, hiyo ni aibu yetu, na chama kitakuwa kimeundwa kwa ajili ya wenye nguvu tu. Kwa hivyo tumepanga kuwa wanachama wa kila mtaa watachimbiana kwa zamu, siku moja kwa wiki, tangu Januari, na tutaanzia kwa wasiojiweza. Mwenye shamba atatoa chai na muhogo, si zaidi, tusije tukaifanya karamu. Shamba la mzee wangu yule ndilo la kwanza katika orodha. Amesema atasimama mwenyewe apime mashimo yetu, na asiporidhika tutachimba tena. Nimemwambia tumekubali.

Katika msimu huu chama kitatoa hivi: miche, kwa kadiri ya mashimo yaliyohesabiwa, samadi iliyooza, debe moja kwa kila mashimo mawili, mpaka itakapokwisha, majembe na mitaimbo ya kuazima kwa siku saba, na gari ya kupeleka miche mpaka njia inapofika, asubuhi mapema au baada ya alasiri, si jua la mchana. Tumemwomba bwana shamba apite pamoja nasi katika kuhesabu, na aliye na mikarafuu inayokauka ngoje siku hiyo amwoneshe. Wanawake wenye mashamba yao waandikishe kwa majina yao wenyewe, si ya waume zao, kwani mara mbili tumepeleka miche kwenye shamba silo.

Viriba vitupu virejeshwe ofisini, visiachwe vikapeperuka mashambani na kuliwa na ng'ombe. Na mitaimbo miwili iliyoazimwa masika yaliyopita bado haijarudi. Walio nayo wanajijua, na mashimo yanaanza kuchimbwa Januari.

Katibu